Dada Miao na Brashi ya Mbuzi

Katika kichochoro chetu cha Kisima Kitamu, hapa mjini Kaifeng, Uchina, hakuna nyumba isiyokuwa na beseni lililochorwa na Miao Cuizhen. Langu liko chini ya cherehani, natilia vipande vya vitambaa, na ua lake la peoni bado ni jekundu ingawa bati limeanza kuliwa na kutu ukingoni. Miaka ishirini na nne Dada Miao alikaa kwenye benchi la kiwanda cha mabeseni, akichora ua kwa mapigo kumi na moja ya brashi, beseni baada ya beseni, huku akipiga soga na jirani yake. Aliingia pale akiwa na miaka kumi na saba. Walimwita Mkono wa Dhahabu, na yeye, nasema ukweli kwa sababu nampenda, alikuwa na maringo ya kuwatosha watu kumi.

Alipofika miaka arobaini na moja mkono ukaanza kutetemeka. Baba yake naye alikuwa hivyo hivyo, supu haikumfikia mdomoni ila nusu. Daktari alisema si ugonjwa wa kuua, ni wa kurithi, na dawa zake hazisaidii sana. Meneja akamhamishia chumba cha kufungashia, kazi yake ikawa kutandika majani makavu kati ya beseni na beseni. Hakuna aliyemtukana, na nadhani hilo ndilo lililomuuma zaidi. Siku ile alipita mlangoni kwangu bila salamu, viganja vyake amevificha ndani ya mikono ya koti.

Humo ndani ya koti vilikaa zaidi ya miaka ishirini. Kiwanda kilifungwa, mumewe akafariki, akauza viazi vitamu vya kuchoma hadi alipostaafu, na muda wote huo sikumwona akimmiminia mgeni chai. Harusini alikula kwa kijiko akiwa amewapa watu mgongo. Mimi nina mdomo, kila mtu hapa anajua kwamba Pang fundi cherehani hana breki, lakini suala la mikono ya Miao sikuligusa. Kulikuwa na mlango pale, nami niliheshimu kufuli.

Kwa hiyo nilishangaa alipokuja siku moja, ana miaka sitini na mitatu, akaniambia amejiandikisha darasa la kuandika kwa brashi.

Darasa lenyewe lilikuwa Jumanne na Ijumaa katika ukumbi ulio mwisho wa kichochoro, na mwenye darasa alikuwa Mwalimu Geng Shouyi, naibu mkuu wa shule mstaafu. Geng ni mtu safi. Viatu vyake havijui vumbi, na mwandiko wake haujui kosa. Kwa miaka kumi na mmoja yeye ndiye aliyeandika karatasi mbili nyekundu zinazobandikwa kwenye nguzo za lango letu kila mwaka mpya wa kalenda yetu ya kale, na kwa haki, maana katika shindano la lango hakuna aliyemfikia. Tatizo lake ni moja: aliamini kuna njia moja tu ya kwenda sokoni.

Njia hiyo ni hii. Kila anayeanza aanze na mwandiko sanifu, ule ambao kila mstari una mfupa na kila kona ina pembe. Mwandiko wa mbio, mwandiko wa mihuri, ule mpana wa makarani wa kale, yote hiyo isubiri miaka mitano. Na brashi iwe ya mkia wa kicheche, kwa kuwa manyoya yake ni magumu, yana ubishi, ukiyakandamiza yanaruka na kurudi mahali pake. Brashi ya manyoya ya mbuzi, hasa ile ndefu, ni laini mno na inalala popote inapolazwa. Hiyo, alisema Geng, ni ya mabingwa, na anayeanza nayo anajitafutia aibu.

Dada Miao alitii. Mwaka mzima na miezi miwili aliandika mistari ya mwandiko sanifu kwa brashi ya kicheche, na mwaka mzima na miezi miwili mistari yake ilitoka na meno kama msumeno. Alipokaza vidole ndipo ilipozidi. Wenzake walikuwa watu wazima, hawakumcheka usoni, lakini niliwahi kwenda kumpelekea shali lake nikaona jinsi walivyokuwa wakitazama dari kila alipoinua karatasi yake. Nilitamani kuwatia wote wino puani.

Halafu Ijumaa moja, mwishoni mwa mwezi wa kumi wa kalenda hiyo ya kale, Geng alimshika kiwiko mbele ya watu, kwa upole kabisa, akamwambia kwamba brashi inataka mkono uliotulia, na kwamba kila mtu ana kipaji chake. Kwaya ya wastaafu ilikuwa inatafuta sauti mpya. Mimi nasema heri angemzaba kofi.

Miao alinisimulia mwenyewe alivyojibu, baadaye watu wengine wanne wakanisimulia vivyo hivyo, kwa hiyo naamini. Alitandaza karatasi yake mezani, akauliza: "Mwalimu, sheria ya lango bado ni ile ile? Yeyote wa kichochoro hiki anaweza kutundika?"

"Ni ile ile," Geng akasema.

"Basi mwaka huu natundika. Nikishindwa, brashi zangu nakupa wewe ugawie wanafunzi, na kwaya naingia."

Nilipomuuliza kwa nini alijifunga kamba shingoni hivyo, alinijibu bila kunitazama. Alisema kwamba mabeseni yanaliwa na kutu. Katika miaka kumi hivi hakuna litakalobaki, na hapo hakutakuwa na chochote cha mkono wake mbele ya macho ya mtu yeyote. Alitaka angalau mwaka mmoja watu wapite chini ya kazi yake wakienda na kurudi. 

 Nilikuwa nashona gauni la hariri la bibi harusi, nikamwonyesha sindano ya cherehani.

"Miao, mimi nikitoka kwenye jinzi kuja kwenye hariri, nabadilisha sindano. Wewe mwaka mzima umebadilisha nini?"

"Nimebadilisha wino," akasema.

"Wino! Vaa koti, twende."

Tulikwenda kwa Mzee Lou, ambaye duka lake ni uchochoro ulioezekwa, nyuma ya Mtaa wa Maduka ya Vitabu. Anatengeneza brashi mwenyewe, anachambua manyoya kwa kitana cha mfupa ndani ya karai la maji, na wateja wanaosema sana anawageuzia kisogo. Siku ile nilikaa kimya, mkono mdomoni. Miao alimweleza anataka brashi bora ya kicheche. Lou hakuitoa. Alitandaza kitambaa cha kijivu cha mazoezi, kile kinachogeuka cheusi kikiguswa na maji kisha kikakauka na kurudi kilivyokuwa, akampa bakuli la maji na kumwambia apige mstari mmoja wa kulala.

Akapiga kwa brashi ya kicheche. Akapiga kwa ile ya mchanganyiko, kicheche ndani na mbuzi nje. Akapiga kwa ya mbuzi fupi. Nilikuwa natazama mistari, ikizidi kupungua meno kila mara, lakini Lou hakuitazama kabisa. Alikuwa anatazama mkono, na Miao alipogundua hivyo akaurudisha haraka ndani ya koti.

"Utoe," Lou akasema. "Mimi si daktari wala si mkwe wako. Nataka kuona unatetemeka kwa kasi gani."

Nilidhani Miao angeondoka. Akautoa. Lou akachukua kutoka ukutani brashi ya mbuzi ndefu kuliko kidole changu cha kati, nyeupe, laini, inayoning'inia, akailoweka yote mpaka kwenye kitako, akamwambia apige mstari ule ule, lakini aende polepole kana kwamba anasukuma jiwe. Maji yakatambaa. Mkono ulitetemeka kama kawaida yake, ila manyoya yale marefu yaliumeza mtetemo njiani, na kilichofika kwenye kitambaa kilikuwa mstari mnene, mzima, wenye kingo zenye mikwaruzo midogo. Sikuuelewa mstari ule. Haukuwa mzuri kwa jinsi ninavyojua mimi uzuri.

Lou aliingia ndani, akarudi na nakala ya maandishi ya jiwe moja la kale, lile la mwandiko wa makarani, yaliyopigwa chapa kwa wino juu ya karatasi. Jiwe lilikuwa limekaa nje kwenye mvua karne nyingi, na kila mstari ulikuwa umetafunwa kingoni namna ile ile.

"Huu ndio mwandiko wako," akasema. "Achana na sanifu, utakufa nao. Wapo watu hapa mjini miaka thelathini wanajifunza kuutikisa mkono ili wapate ukingo huu, na wengi wanaishia kuigiza. Wewe umezaliwa nao."

Uso wa Miao ukawaka. "Mzee, sikuja hapa kuonewa huruma."

"Huruma siuzi, mama. Nauza brashi."

Tukanunua. Njiani kurudi tulikula supu ya pilipili yenye tambi kwenye kona, na Miao akaila kwa vijiti na mkate, huku amenigeukia mimi, akimwagia meza. Nikajifanya nafuta miwani.

Mwezi na nusu uliobaki ulinigharimu meza. Chumba chake kilikuwa kidogo, na Lou alikuwa amemwambia asimame, ainue kiwiko hewani na kuandika kwa bega zima, kwa hiyo meza yangu ya kukatia nguo, yenye urefu wa kitanda, ikageuka yake kila asubuhi kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa tatu. Tulitandika magazeti. Wino ulipita magazeti. Hadi leo nikikata kitambaa cheupe natandaza kwanza shuka.

Wiki ya kwanza ilikuwa balaa. Mazoea ya kiwandani yalikuwa yamemwingia kwenye mifupa: alichovya ncha tu, nusu ya ukucha, jinsi wachora beseni wanavyofanya ili rangi isichuruzike, na aliegemeza kifundo cha mkono mezani. Brashi ndefu ya mbuzi ukiichovya ncha tu, tumbo likabaki kavu, inajikunja inakukataa. Aliandika herufi moja mara mia, na mara zote mia zikatoka zimekauka upande mmoja. Nilimkemea kama mama mkwe. Nikamwambia yeye si mchora maua tena, ainyweshe ile brashi mpaka ishibe. Akaninunia siku mbili, kisha akainywesha.

Baada ya hapo ikaja shida ya mkia. Mwandiko wa makarani una herufi pana, zimekaa kama mtu aliyekunja miguu, na katika kila herufi mstari mmoja tu, si zaidi, huruhusiwa kufungua mkia mwishoni: unakandamiza, unapanua, halafu unainua taratibu huku ukiondoka. Hapo kwenye kuinua ndipo manyoya yanapoachana na karatasi na hakuna tena cha kumeza mtetemo. Mikia yake ilitoka na vitone vitone. Alijaribu kushika pumzi, akaona kizunguzungu. Alijaribu kwenda haraka, ikawa mbaya zaidi. Asubuhi moja alichoka, akaacha mkono ujiendee, akautoa mkia polepole kuliko alivyowahi kuthubutu, na mtetemo ukaingia ndani ya mkia wenyewe ukawa sehemu yake.  Aliandika mwingine, na mwingine. Saa tatu ilipofika sikumfukuza.

Wazee wa kichochoro huchagua maneno mwezi mmoja kabla, na waandishi wote huandika maneno hayo hayo ili ushindani uwe wa mkono, usiwe wa akili. Mwaka ule yalikuwa haya: upande mmoja, kisima kimoja kimeosha mchele wa nyumba zote, upande wa pili, lango moja limepitisha maharusi wa vizazi vitatu. Kwa maandishi yetu ni herufi saba kila upande. Miao alizikataa karatasi nyekundu zinazong'aa zenye vumbi la dhahabu, zile anazopenda Geng, kwa sababu wino uliteleza juu yake. Nikamtafutia zile za zamani, nene, zisizo na mng'aro, ambazo hunywa wino.

Aliandika jozi kumi na tisa. Tulichagua moja, asubuhi ya siku ya ishirini na mbili ya mwezi wa mwisho, tukaitandaza mezani tukaitazama kwa karibu. Nitasema kilichonijia moyoni, kwa kuwa naona aibu hadi leo: niliona mabaka. Niliona kingo zilizoliwa na mende. Nilimwangalia Miao nikaona naye anaona yale yale.

"Ni mbaya, eti?" akaniuliza.

"Ni nzito," nikamwambia. Hilo tu ndilo nililoweza kulisema bila kudanganya.

Akaikunja, akaenda kuitia kwenye sanduku la mwenyekiti wa kichochoro, bila jina, kama sheria inavyotaka. Mimi nikakaa kwenye kiti changu nikamwona moyoni tayari yuko kwenye kwaya, safu ya pili, kinywa wazi, mikono ndani ya koti.

Kesho yake ilikuwa siku ya kumuaga mungu wa jiko, na watoto walikuwa wanatembea na peremende za kimea zimewaganda kwenye glavu. Saa sita mchana kichochoro kizima kilikuwa ukumbini. Jozi zilikuwa nne. Zilitandazwa mezani, kila moja na namba, na tukapita kuzitazama. Namba mbili kila mtu aliijua kuwa ni ya Geng, sanifu, safi, imenyooka mpaka inatisha. Namba nne ilikuwa ya mbio, ya msichana wa chuo. Namba moja ilikuwa sanifu ya mtu anayejikaza, mistari imepinda pinda, na kila aliyepita pale alipunguza sauti kwa heshima ya msiba, maana wote waliamini ni ya Miao. Kwa kweli ilikuwa ya seremala wetu. Mbele ya namba tatu mama mmoja aliuliza ni nani aliyeimwagia chai.

Geng aliinama juu ya namba tatu kwa muda, akainuka. Halafu akaja kusimama karibu na Miao na kumwambia chini chini, mimi nasikia:

"Ile namba moja, dada, ina maendeleo. Nasema kweli. Pale kwenye mstari wa tatu kuna kitu."

"Ahsante, mwalimu," Miao akasema, uso umetulia kama sinia. Ilinibidi nikohoe.

Kisha tukatoka nje kwa sehemu ya pili. Lango letu lina nguzo mbili ndefu za matofali, na jozi hutundikwa juu yake moja baada ya nyingine, huku watu wamesimama ng'ambo ya barabara, kwenye banda la fundi baiskeli, kwa sababu karatasi za lango huandikiwa anayekuja, si aliyesimama puani pake. Ikapanda namba moja, watu wakatazama viatu vyao. Ikapanda namba mbili, ya Geng, wakaitikia kwa vichwa. Ilikuwa nzuri. Kutoka ng'ambo ilionekana kama kitu kilichotoka kiwanda cha uchapaji, na mistari yake myembamba ikaanza kumezwa na wekundu wa karatasi.

Ikapanda namba tatu.

Sijui niseme vipi. Mabaka yalipotea. Kutoka pale barabarani kila herufi ilikaa juu ya nguzo kana kwamba ilichongwa humo kabla ya sisi kuzaliwa, pana, nzito, haina haraka, na kingo zile zilizoliwa ndizo zilizoifanya karatasi isionekane karatasi. Mikia ilifunguka kulia, mmoja kwa kila herufi. Mtu wa baiskeli ya kubebea makaa alikuwa anapita, akashusha mguu chini akasoma kwa sauti mpaka mwisho.  Nilimtafuta Miao kwa macho nikamkuta amesimama nyuma ya watu wote, anaisoma kama wengine, mdomo wazi, maana yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kuiona kutoka mbali hivyo.

Namba nne ikapanda na kushuka, maskini yule msichana, hakuna aliyeitazama. Jozi zote zikahamishiwa kwenye kamba ya nguo, na kila nyumba ikatoa mtu mmoja na kibanio chake cha nguo, ambacho ndicho kura yake. Nyumba ni kumi na tisa. Mimi nilikwenda wa kwanza, sikujificha. Vibanio vikaanza kupanga foleni kwenye ukingo wa namba tatu, vya mbao, vya plastiki, cha bluu cha mama wa chai. Geng alikuwa na kibanio chake mkononi. Alisimama mbele ya jozi yake mwenyewe, akasimama mbele ya namba tatu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Mbele yetu wote akabana kibanio chake kwenye namba tatu. Kwa hilo namheshimu, na sitalirudia mara mbili.

Vilikuwa kumi na tatu. Kabla mwenyekiti hajasema lolote, Geng alikuwa ameshampa mkono mpangaji mpya wa nyumba ya tisa, mzee aliyesemekana kufanya kazi makumbusho. Akampongeza. Akamweleza kwamba mkono ule umekaa na mawe ya kale si chini ya miaka arobaini, hakuna njia ya mkato ya kupata ukingo wa namna ile.

"Mimi?" mpangaji akasema. "Mimi nilikuwa mlinzi wa geti. Hata risiti naandika kwa taabu."

Watu wakacheka, na mwenyekiti akauliza kwa sauti, namba tatu ni ya nani, anyooshe mkono.

Nilimwona Miao akivuta pumzi. Mkono wa kulia ulitoka kwenye koti, ukapanda juu ya bega, ukapita kichwa, ukabaki hewani kwenye jua la mchana. Ulikuwa unatetemeka kuliko siku zote, kwa baridi na kwa moyo. Hakuushika kwa ule mwingine. Nilisikia vibanio vikigongana kwenye kamba. Mimi nilikuwa nalia kama mjinga, na nikamwambia mama wa chai kwamba ni moshi wa makaa.

Geng aliutazama ule mkono. Akaitazama namba tatu, kisha akautazama mkono tena, na usoni pake niliona mtu anayehesabu upya mwaka mzima na miezi miwili. Akavuka barabara taratibu mpaka mbele yake.

"Dada Miao," akasema, "ile kwaya. Nadhani nitakwenda mimi."

"Wanaume ni wachache kweli kule, mwalimu," Miao akajibu. "Lakini kwanza njoo unishikie karatasi."

Maana watu walikuwa wameshaanza. Mama wa chai alikuwa wa kwanza kukimbia nyumbani na kurudi na karatasi nyekundu tupu za mlango wake, aandikiwe, akifuatwa na seremala, kisha fundi baiskeli ambaye hata si wa kichochoro chetu. Nikawaambia vijana waitoe meza yangu ya kukatia nguo waiweke langoni, kwa kuwa imeshaharibika haina la kupoteza. Nililikalisha bakuli la wino juu ya birika la maji moto ili wino usigande. Mwalimu Geng akasimama upande wa pili wa meza, mikono ya koti ameikunja, akivuta karatasi kila herufi moja ilipomalizika, na kila mara akiuliza swali: brashi hii unailoweka muda gani, na mkia huo unauanzia wapi. Miao alimjibu yote.

Aliandika mpaka jua likashuka nyuma ya ukumbi. Kila mara mkono ulipoinuka na brashi, ulitetemeka hewani, ukitupa matone kwenye theluji iliyobaki barabarani, hadi manyoya yalipogusa karatasi. Watu walimzunguka pande zote, bega kwa bega, watoto wamepanda kwenye baiskeli ili waone. Nilizunguka nikiwatazama machoni mmoja mmoja, tayari kumparura yeyote. Sikupata wa kumparura. Hakuna aliyekuwa anautazama mkono. Wote walikuwa wanatazama karatasi.